Sherehe ya Mwaka Ni ya Nani? Kutoka Kesses hadi Makunduchi

Wiki ya maonyesho ya kilimo ya Eldoret, darasa langu hapa Kesses huwa na viti vitupu. Siwalaumu wanafunzi. Hata mimi nilipokuwa kijana niliwahi kuruka ua wa uwanja wa maonyesho kwa kukosa nauli na kiingilio kwa pamoja. Wanaporudi darasani huwa wamechoka, viatu vimejaa vumbi, na Kiswahili chao kimelegea.

"Mlikuwa wapi?" niliwauliza safari hii.

"Sho, Mwalimu."

"Sho ndiyo nini?"

Wakacheka. Mmoja akajikaza akatoa jibu la mtihani: "Maonyesho, Mwalimu." Nikaridhika, nikageukia ubao. Lakini msichana mmoja aliyeketi nyuma hakuridhika. Akasema, "Lakini Mwalimu, sisi tulionyesha nini? Si sisi ndio tulionyeshwa? Tulionyeshwa ng'ombe, tukaonyeshwa trekta, tukaonyeshwa jukwaa la wakubwa. Halafu tukaonyeshwa geti."

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Lakini usiku ule swali lile halikunipa usingizi, kwa sababu bila kujua, binti yule alikuwa ameuliza swali la sarufi na swali la historia kwa mpigo mmoja. Sherehe ya kila mwaka inapofanyika katika nchi ya watu fulani, nani ni mtendaji na nani ni mtendwa? Makala ya leo ni jaribio langu la kumjibu.

Tuanze na maneno yenyewe. "Maonyesho" yametokana na kitenzi "ona". Ukikinyumbua unapata "onya", kisha "onyesha", kisha nomino yenyewe. Kauli ya kusababisha inadai watu wawili: yupo anayeonyesha na yupo anayefanywa aone. Mwenye kitu yuko upande huu wa kamba, mtazamaji yuko upande ule. Neno "tamasha", ambalo siku hizi linatumiwa kwa kila mkusanyiko wenye vipaza sauti, limetujia kutoka Kiajemi, na asili yake ni kutembea huku ukitazama. Nalo pia ni neno la macho. Ndugu zetu Watanzania wamelikwepa tatizo hili kwa kuyaita maonyesho yao kwa tarehe: Sabasaba kwa biashara, Nanenane kwa wakulima. Ni werevu, ila tarehe nayo huwekwa na mwenye kalenda.

Sasa linganisha na "gulio". Hili ni soko la siku maalumu, watu wanakutana uwanjani, wanauziana, kisha wanatawanyika. Mzizi wake ni "gula", yaani nunua. Mganda akisema "okugula" anamaanisha kununua. Mkikuyu akisema "kũgũra" ni hivyo hivyo. Katika gulio hakuna mtazamaji. Hata asiye na shilingi anauliza bei, na kuuliza bei ni kushiriki. Wamijikenda wana "chete", neno ambalo limo pia katika kamusi za Kiswahili kwa maana ya soko. Gulio na chete havikuhitaji mtu wa kukata utepe. Vilijiendesha kwa hesabu ya siku iliyojulikana na kila mtu: Wamijikenda kwa wiki yao ya siku 4, na Wakikuyu vilevile kwa masoko yao ya kila siku ya 4.

Kwa hiyo lugha yenyewe inatuambia kwamba kuna mikutano ya aina mbili. Upo ule unaokwenda kutazama, na upo ule ambao usipokwenda haukamiliki. Swali linalofuata ni la historia: ilikuwaje katika uwanda huu wa Uasin Gishu ule wa kwanza ukaufunika wa pili?

Sho ina tarehe za kuzaliwa. Mwaka 1901 walowezi waliunda chama cha kilimo na bustani cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata wakafanya maonyesho yao ya kwanza Nairobi. Nairobi yenyewe wakati huo ilikuwa na umri wa miaka michache tu tangu reli iifikie. Chama hicho ndicho babu wa Chama cha Kilimo cha Kenya kinachosimamia maonyesho tunayoyajua leo. Walowezi walikuwa wageni katika ardhi ambayo hawakujua mvua zake. Walihitaji mahali pa kulinganisha ng'ombe, mbegu na majembe, na pia mahali pa kujithibitishia kwamba nchi hii inaweza kuwa yao. Sho ilifanya kazi zote mbili.

Huku kwetu, mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg uliupanda uwanda huu kwa magari ya kukokotwa na maksai kutoka Nakuru. Ardhi iligawanywa kwa mashamba yenye nambari, na kituo kidogo kikaota kwenye shamba nambari 64. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kuiheshimu nambari hiyo kwa matamshi ya wenyewe. "Sixty-four" ikawa "Sisibo", na wazee wengine wangali wanaliita jiji hili hivyo mpaka leo. Mwaka 1912 likapewa jina rasmi la Eldoret, ambalo mzizi wake husemwa kuwa ni neno la Kimaasai la mto wenye mawe, yaani Sosiani, likatiwa mkia wa Kikalenjin. Tazama historia ilivyobebwa na jina moja: Wamaasai waliokuwa hapa kabla, Wakalenjin waliowafuata na waliokuwepo, na Mwingereza aliyetia muhuri.

Miaka 3 kabla ya msafara ule, mwezi Oktoba 1905, Orkoiyot Koitalel arap Samoei alikuwa ameuawa katika mkutano ulioitwa wa amani. Vita vya Wanandi dhidi ya Waingereza vikaisha, nao Wanandi wakasukumwa katika eneo walilowekewa mipaka. Ngano ikapandwa mahali palipolishwa ng'ombe. Mahali pa mkutano wa mwaka pakawa uwanja wa sho, na mwenyeji akaingia humo akiwa mfanyakazi anayeshika kamba ya fahali wa bwana wake.

Je, kabla ya hapo hakukuwa na sherehe ya mwaka? Ilikuwepo. Tunaijua kwa sababu mwaka 1909, mwaka mmoja tu baada ya msafara wa Makaburu, ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni aitwaye A. C. Hollis alichapisha huko Oxford kitabu kuhusu Wanandi, lugha yao na simulizi zao. Humo ameeleza sherehe ya mavuno inayoitwa Kipsunde.

Kipsunde ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Wimbi ulipoanza kuiva, kila mwanamke mwenye shamba aliingia shambani na mabinti zake, wakachuma masuke yaliyotangulia kuiva. Punje moja aliitia kwenye mkufu wake. Nyingine aliitafuna, akajipaka kipajini, kooni na kifuani. Hawakuchekacheka. Walijaza kikapu kwa uso wa huzuni, wakaubeba wimbi nyumbani, ukawekwa darini ukauke. Siku zilipotimia, chakula cha wimbi mpya kiliandaliwa pamoja na maziwa. Kila mmoja alikipaka kidogo kwenye kuta na paa la nyumba, akatia kingine kinywani na kukitema kuelekea mashariki. Mwenye mji akashika wimbi mkononi, akaomba afya, nguvu na maziwa.

Hatua ya pili iliitwa Kipsunde oieng, yaani Kipsunde ya pili. Hiyo ilifanyika mavuno yote yalipokwisha kuingia ghalani, na haikuwa ya boma moja. Kila pororiet, yaani kila sehemu ya nchi yenye jeshi lake, iliitisha yake. Watu walikutana juu ya kilima au kwenye uwanda ulio wazi, ukawashwa moto mkubwa, na wazee wakabariki.

Mtu wa leo akiisoma habari hii anaweza kuona ni mambo ya kale tu. Mimi nilimsimulia jirani yangu, mama mzee ninayemwita gogo kama wanavyomwita wajukuu zake. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi. Nilipofika kwenye habari ya kupaka ukutani, akasimamisha mikono.

"Hiyo ya mlimani sijaiona," akasema. "Lakini ya ukutani naijua. Nyanya yangu alikuwa anatukataza kugusa wimbi mpya kabla ukuta haujala."

Kabla ukuta haujala! Nimefundisha lugha miaka mingi, na sijasikia njia fupi zaidi ya kueleza kwamba nyumba nayo ni mwanajamii.

Nilimuuliza kwa nini desturi hiyo ilikufa. Hakunipa hotuba. "Tulianza kupanda mahindi," akasema, "na tukaanza kwenda kanisani." Ndani ya sentensi hiyo mna nusu karne ya historia ya uwanda huu. Wimbi ndio uliokuwa na sherehe. Mahindi na ngano viliingia vikiwa bidhaa, navyo vina bei, vina magunia na vina foleni, lakini hakuna aliyevipangia Kipsunde. Kilichobaki cha kila mwaka ni sho.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji tusafiri pamoja mpaka pwani na kuvuka bahari. Nilikuwa nikitafuta kama ipo jamii ya Afrika Mashariki iliyofanikiwa kuilinda sherehe yake ya mwaka, ikiendeshwa na wanakijiji wenyewe, ili nijue imewezekanaje. Jibu lilinipeleka Makunduchi, kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, kilomita 60 na ushei kutoka Mjini. Huko kila mwezi Julai hufanyika Mwaka Kogwa.

Nilifika mara moja tu, nikiwa mgeni wa rafiki wa rafiki. Nilidhani nitajibanza kando nitazame kama mtalii. Haikuwezekana. Makunduchi siku hiyo kila nyumba inataka mgeni. Asiyepata mgeni huona mwaka umemwendea upande. Kwa hiyo kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshikiwa sahani, na mwenye nyumba akaniambia, "Karibu, mwaka wetu umepata mtu." Nikamkumbuka yule binti wa darasani. Hapa sikuonyeshwa kitu. Nilihesabiwa.

Uwanjani wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, wanapambana kwa makuti ya migomba na vigogo vyake. Si mchezo wa mzaha mtupu. Watu wanapigana kwelikweli, wanaanguka, wanakimbizana. Lakini mgomba ni mti laini, unaumiza heshima kuliko mfupa. Aliyekuwa na kinyongo na mwenzake mwaka mzima anapewa ruhusa ya kukitoa hapo, na kikishatoka hakirudishwi nyumbani. Wanawake nao, wakiwa wamevaa kanga zao bora, wanazunguka wakiimba, na nyimbo zao zina mipasho ambayo siku nyingine ingeleta kesi.

Kisha kibanda. Hujengwa kibanda kidogo cha majani makavu, mtu akaingia ndani, kikatiwa moto. Watu wakapiga kelele na kukimbilia. Yule mtu akachomoka akiwa salama, akatokomea vichakani. Wazee hutazama moshi unakokwenda. Niliuliza maana yake, nikapewa maana mbili. Mmoja alisema moto unachoma mabaya ya mwaka uliopita. Mwingine, mtu mzima aliyekaa juu ya gogo, alisema maneno ambayo sijayasahau: "Kibanda kinatukumbusha kwamba nyumba ya jirani ikiwaka, unakimbilia huko, hukimbii kwako."

Nitarudi kwenye moto huo. Kwanza tulimalize suala la lugha, maana jina la sherehe hii limebeba mambo.

Watu wa Makunduchi wanaita lahaja yao Kikae, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwisha kuichapishia kamusi. "Kogwa" ni kauli ya kutendwa ya "koga", ambayo sisi kwa Kiswahili sanifu ni "oga". Mwaka Kogwa, basi, ni mwaka unaokogwa. Hapo mwalimu wa sarufi anakuna kichwa. Mtu huoga, mtoto huogeshwa. Mwaka utaogwaje?

Ufunguo upo katika matumizi mengine ya kitenzi hicho. Waswahili husema "kuoga janaba". Katika maneno hayo janaba haiogeshwi. Mtu ndiye anayeoga ili aivue. Nadhani "kuoga mwaka" ni tungo ya jamaa hiyo hiyo. Mwaka uliopita umemganda mtu kama tope: madeni, magomvi, maneno aliyoyasema na aliyosemwa. Anakwenda pwani alfajiri, anaingia majini, anauvua. Na tungo hiyo ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, ndipo mwaka unakogwa. Nani anaukoga? Watu wote. Sarufi imemficha mtendaji kwa sababu mtendaji ni kijiji kizima.

Kuoga huko hakukuwa kwa Makunduchi peke yake. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, anaeleza Siku ya Mwaka kama alivyoijua Unguja. Anataja watu kuoga baharini alfajiri, hasa wanawake. Nafaka na kunde kupikwa katika chungu kikubwa na kugawiwa marafiki. Na moto wa kila nyumba kuzimwa kwa maji kisha kuwashwa upya kwa kupekecha vijiti. Katika miji yetu ya pwani ya Kenya, kama Mombasa na Lamu, Siku ya Mwaka ilijulikana kwa kumzungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja na kula pamoja.

Mwaka wenyewe ni upi? Si wa Kiislamu unaofuata mwezi, wala si wa Januari. Ni mwaka wa jua wa siku 365 kamili, na siku yake ya kwanza iliitwa Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Waparsi wa India nao wana mwaka wa namna hiyo. Historia ya jinsi ulivyofika kwetu imefungamana na simulizi za Washirazi, ambazo wanahistoria wanazijadili mpaka leo, na mabaharia wa Bahari ya Hindi bila shaka walikuwa na mkono wao. Waswahili waliuhesabu mwaka huo kwa makumi. Kila siku 10 ziliitwa mwongo, na mwaka ukawa na miongo 36 na siku 5 za nyongeza. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, nahodha alijua mwongo wa kutweka tanga.

Msomaji amekwisha kulitambua neno. Magazeti leo yakisema "miongo 2 iliyopita" yanamaanisha miaka 20. Neno lile lile lililohesabu siku kumi kumi za mkulima na baharia limepandishwa cheo likahesabu miaka. Na si neno la kigeni hata kidogo. Mkikuyu huita ishirini "mĩrongo ĩĩrĩ", na Mkisii "emerongo ebere". Jina la siku ni la Kiajemi, hesabu ya siku ni ya Kibantu.

Kwa kuwa mwaka huo hauongezewi siku kila baada ya miaka 4, Siku ya Mwaka hurudi nyuma polepole katika kalenda ya Januari, siku moja kwa miaka 4, siku 25 hivi kwa karne. Ndiyo maana wakati wa Steere iliangukia kuelekea mwisho wa Agosti, na leo ipo Julai. Wengine huliona hilo kuwa kosa la hesabu. Mimi naona ni ushahidi wa ajabu. Sultani wa Omani alikuja, Mwingereza akaja, Mapinduzi ya 1964 yakapita, na hakuna aliyefanikiwa kuihamisha siku ile. Imejihamisha yenyewe tu, kwa hesabu yake, kwa sababu wenye kuihesabu ni wazee wa kijiji.

Nisije nikaonekana nauza asali bila nyuki. Steere huyo huyo anaeleza kwamba zamani maovu yaliyotendeka Siku ya Mwaka, hata mauaji, hayakuchunguzwa, na kwamba ugomvi wa zamani ulingojewa umalizwe siku hiyo. Kwa hiyo sherehe hii haikuzaliwa ikiwa na mgomba laini mkononi. Ilizaliwa mahali penye hatari. Nadhani mgomba ni uamuzi. Mahali fulani katika historia, watu wa kijiji walikaa wakakubaliana kwamba hasira zipo, hazikataliki, lakini silaha inaweza kuchaguliwa.

Hapo sasa narudi kwenye moto, na narudi Eldoret.

Tarehe 1 Januari 2008, siku ya mwaka mpya kwa kalenda yetu, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa dogo huko Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa ndani. Makumi walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa majirani wa waliowasha. Burnt Forest, ambayo haiko mbali nami hapa, ilikuwa imekwisha kuonja machungu hayo mwaka 1992, na ikayaonja tena. Mimi habari za Kiambaa nilizisikia redioni, nikakaa kimya na redio ikaendelea.

Nilipokiona kile kibanda cha Makunduchi kikiwaka na mtu akitoka salama, miguu iliniisha nguvu. Mwenyeji wangu alidhani ni jua. Sikumweleza. Ningemwelezaje kwamba kwetu siku ya mwaka mpya palikuwa na nyumba iliyowaka, na watu hawakutoka?

Siandiki haya kudai kwamba sherehe ingeizuia siku ile. Waliochochea ghasia za uchaguzi walikuwa na sababu zao za siasa na ardhi, na ardhi hiyo ina historia niliyoigusia juu, tangu 1905 na 1908 mpaka ugawaji wa mashamba baada ya uhuru. Mgomba haugawi ardhi. Unguja yenyewe imepitia damu ya 1964. Lakini nauliza: katika uwanda huu wenye Wanandi, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, Wakeiyo na wengineo, ni siku ipi katika mwaka ambayo majirani wanakutana kwa hiari yao, bila mgombea na bila mfadhili, wakatoa kinyongo kabla hakijaoza? Kipsunde ya kilimani ilikuwa na moto uliowakusanya watu. Ulipozimika hatukuwasha mwingine. Tukabaki na siku za kwenda kutazama.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wapo wanazuoni wa Kiislamu ambao kwa miaka mingi wameukosoa Mwaka Kogwa kwa kuona ni mabaki ya itikadi za kabla ya Uislamu. Na hapa Kesses, nikitaja Kipsunde kanisani, wapo watakaoinama kuniombea. Siwadharau. Lakini Wamakunduchi ni Waislamu wanaoswali, na gogo hakosi ibada ya Jumapili. Hata hivyo alipousimulia ule ukuta ulioachiwa chakula, sauti yake haikuwa ya mtu anayetubu.

Pingamizi la pili ni la vijana: mambo haya yamekwisha kuwa ya watalii. Kweli, kamera siku hizi ni nyingi Makunduchi, na viongozi huja na viti vyao vya plastiki vyenye vitambaa. Hatari hiyo ipo, hatari ya Mwaka Kogwa kugeuka sho. Ila bado nguzo zake 3 zimo mikononi mwa wenyewe: siku inahesabiwa na wazee wao, uwanja ni wao, na chakula kinatoka jikoni mwao. Nadhani hizo ndizo dalili za kuipima sherehe yoyote ya mwaka. Muulize aliyepanga tarehe ni nani, uwanja ni wa nani, na aliyepika ni nani. Ukipata jibu moja kwa maswali yote 3, na jibu hilo likawa ni jina la kijiji, basi sherehe hiyo ni ya watu.

Maonyesho ya Eldoret siyapingi. Mkulima anahitaji kuiona mbegu mpya, na watoto wanahitaji kumwona fahali mkubwa wakashangaa. Ninachokataa ni kudhani kwamba kuonyeshwa kunatosha.

Alhamisi iliyopita nilirudi darasani nikamtafuta yule binti. Nilimsimulia Kipsunde, nikamsimulia Makunduchi, nikaandika ubaoni "kogwa" na kuichambua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye ni wa Burnt Forest, na kwamba nyanya yake, Mkikuyu, na jirani yao Mnandi hupelekeana mahindi mabichi kila mavuno yanapoanza. Hakuna aliyewaambia. Wao humaliza ya mwaka hapo uani, wakala, wakacheka, kila mtu akarudi kwake.

"Hiyo inaitwaje, Mwalimu?"

Nilitazama ubao. Si sho, si maonyesho, si tamasha. Nilimwambia aende akawaulize wao wawili wanaiitaje, kwa Kikuyu na kwa Kinandi, kisha aje atuambie.